Mshale Ulioshuka Karibu na Kenol

Gatitu, Nyeri
Jumatatu asubuhi

Kwa kaka yangu Dawud,

Assalamu alaikum. Naomba karatasi hii ikufikie ukiwa mzima, na kile kikohozi cha vumbi la saruji kiwe kimekuacha. Utajiuliza nimejuaje habari za kikohozi chako. Nitakuambia, ila nivumilie kwanza.

Sisi huku tunalala na kuamka kwa rehema za Mungu. Baridi ni ile unayoijua. Ukungu hauinuki mpaka karibu na adhuhuri, na mlima umejificha tangu mwezi uanze. Baba ni mzima wa mwili. Bado anabeba mboga kutoka Karatina, sasa kwa lile gari jeupe alilolinunua baada ya wewe kuondoka. Pikapu ya zamani ipo nyuma ya nyumba pale pale ilipoachwa na gari la kuvuta. Kuku wameifanya yao. Hutaga kwenye kiti cha dereva, kwa hivyo kila asubuhi nafungua mlango wa gari kutafuta mayai.

Najua barua ya karatasi itakushangaza. Mimi sina simu, hilo unalijua, lakini hata ningekuwa nayo nisingeweza kukuambia haya kwa simu. Unanifahamu. Nikiulizwa hali kwa simu nasema nzuri, halafu nanyamaza mpaka mwenzangu achoke. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri.

Nyumba yetu imekuwa kubwa, Dawud. Alipofariki mama tulibaki watatu na ilionekana imejaa, kwa sababu wewe ulikuwa unaongea kwa niaba yetu sote. Sasa baba akirudi jioni anasema salamu, anaswali, anakula, anauliza kama nimefunga banda. Nikisema ndiyo, mazungumzo ya siku yameisha. Tangu nimalize kidato cha nne zipo siku ambazo sauti yangu mwenyewe huisikia mara mbili tu, kwenye ile salamu na kwenye ile ndiyo.

Ndiyo maana nilifurahi kupata mahali pa kwenda. Baba alipeleka gari kwa Gathoni, yule fundi wa umeme wa magari aliye na kibanda karibu na stendi ya hapa Gatitu. Huenda unamkumbuka kwa sauti yake, husikika mpaka ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alikuwa amelala chini ya dashibodi, akanipigia kelele nimshikie tochi. Nikamshikia. Alipotoka akamwambia baba kwamba hajawahi kupata mtu wa kushika tochi bila kutikisika wala kuuliza maswali, na kwamba kama sina kazi ya kufanya aniache hapo. Baba alifikiri kidogo, akaona ni mwanamke mwenzangu, akakubali. Sasa naenda kila siku isipokuwa Ijumaa na Jumapili. Gathoni ananiita Kimya. Wateja wakiniuliza jambo yeye huwajibu kwamba wasimsumbue Kimya, maneno yake ameyaweka benki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Lilianza Jumatano iliyopita na gari la mama mmoja anayeitwa Kagure, muuza mayai.

Kagure alileta gari kwa sababu ya taa ya nyuma. Akiwa anasubiri alianza kujisifu. Alisema ati mshale wa joto wa gari lake haujawahi kutoka katikati, hata akipanda Kiganjo na trei za mayai zimefika paa. Alisema anauangalia kama vile wengine wanavyoangalia picha ya mtoto wao. Gathoni akacheka. Alichomeka chini ya usukani kile kimashine chake kinachosoma nambari za injini, akaniambia niwashe gari nizisome kwa sauti, na Kagure aushikilie mshale kwa macho.

Nikasoma. Themanini na mbili, mshale katikati. Tisini na moja, katikati. Gathoni akaziba uso wa rejeta kwa kipande cha katoni ili upepo usipite, akanipungia mkono niendelee kusoma. Mia moja na tatu. Kagure akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Mshale haukuwa umesogea hata upana wa unywele.

Kagure akashika kiuno. Akauliza kama maana yake ni kwamba miaka hii yote gari limekuwa likimdanganya. Gathoni akatoa ile katoni na kusema hapana, halidanganyi, lina heshima tu. Akaeleza kwamba zamani mshale ulikuwa unapanda na kushuka na joto, na watu wakawa wasumbufu. Mtu akipanda mlima na mshale ukainuka kidogo, anarudisha gari kwa aliyemuuzia akilia kwamba ameuziwa bomu. Watengenezaji wakachoka, wakaona heri wafundishe mshale kukaa kitako. Maji yakiwa na joto la wastani, katikati. Yakizidi, bado katikati. Ukiuona umetoka pale, ujue mambo yameharibika kitambo.

Kagure alisema basi yeye amekuwa akiangalia picha ya ukutani kweli, tena si ya mtoto wake. Tulicheka, hata mimi. Lakini maneno ya kufundisha mshale kukaa kitako yalinichoma mahali. Nitakuambia kwa nini.

Kagure si mtu wa kushindwa upesi. Akasema sawa, lakini maji yakiisha kabisa si lazima upande? Gathoni akasema hapo ndipo wengi huzikwa. Tulikuwa na sufuria ya maji ya chai kwenye jiko la pale kibandani. Akachukua geji kuukuu kutoka rafuni, ya zile ambazo mshale wake haukufundishwa adabu, akaiunganisha na betri na sensa yake. Sensa ni kijidude cha shaba, kidogo kama kidole gumba, ambacho hukaa ndani ya injini na kuguswa na maji. Akakitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Mshale ukapanda mpaka karibu na alama nyekundu, ukatulia. Kisha akakiinua, akakiacha kikining'inia juu ya sufuria, nje ya maji.

Mshale ukashuka, Dawud. Ulishuka taratibu hadi chini kabisa kwenye baridi, na sufuria ilikuwa bado inachemka hapo chini yake.

Gathoni alisema sensa haijui habari za injini. Inajua habari za kile kinachoigusa. Ikiguswa na maji ya moto itasema moto. Mpira wa kupitisha maji ukipasuka, maji yakamwagika, mara nyingi utaona mshale unaruka juu kwanza. Halafu sensa inabaki kwenye nafasi tupu, na mshale unateremka kana kwamba gari limepata nafuu. Alisema si kila gari hufanya hivyo, lakini yeye ameona mengi, na kila mara dereva huwa ameshukuru Mungu na kukanyaga mafuta.

Tochi iliniponyoka mkononi. Gathoni akasema haya, leo Kimya ametikisika.

Niliomba arudie. Sikuwa namwona yeye wala Kagure. Nilikuwa nakuona wewe umesimama kando ya barabara karibu na Kenol, wapakiaji wamekuzunguka, kabichi ziko juu ya pikapu na injini imenoki, haiwaki tena. Nakumbuka ulivyosema. Ulisema ulipokuwa ukipanda kutoka Makutano mshale ulipanda kwenye nyekundu, ukatafuta pa kuegesha, lori lilikuwa limekuganda nyuma, na kabla hujapata nafasi mshale ukashuka wenyewe mpaka chini. Ulisema ulishukuru na kuendelea kwa sababu mnunuzi alikuwa anasubiri. Fundi wa pale akacheka mbele ya watu. Alisema injini haiungui namna ile huku mshale uko baridi. Ukasema wallahi, ulishuka. Na baba, ambaye alikuwa amekuja na gari la kuvuta na mimi nimeketi ndani yake, akakuambia maneno ambayo siwezi kuyasahau. Alisema injini ataisamehe, chuma ni chuma, lakini usimwingize Mungu kwenye uongo wako.

Wewe, mwenye maneno mengi, hukujibu neno. Kabla ya Ijumaa ulikuwa umeshaondoka kwenda Meru.

Sikumwambia baba siku hiyo hiyo. Nilijaribu kwenye chakula, nikaishia kumwongezea sukuma wiki. Alhamisi nilijaribu tena, nikamuuliza kama atahitaji maji ya moto. Hapo nikaelewa kwamba kwa maneno sitaweza. Jumamosi nilimwomba Gathoni betri na waya. Nilirudi nyumbani, nikawafukuza kuku, nikafungua dashibodi ya pikapu yetu na kutoa geji yake yenyewe, ile uliyokuwa ukiitazama wewe. Sensa ilikuwa imeshika kutu nikaitoa kwa shida, mikono yangu bado ina michubuko. Niliwasha jiko uani, nikaweka sufuria, nikamngoja.

Baba alipoingia na mabaki ya karoti akauliza ninapika nini nje. Nilisema nataka kumwonyesha kitu. Nadhani alikuja kwa sababu sijawahi kumwambia hivyo. Akachuchumaa. Niliitumbukiza sensa kwenye maji, mshale ukapanda. Nikaiinua, mshale ukashuka. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani kutoka stendi, yote yakapotea.

Baba akanyoosha kidole akakigonga kioo cha geji polepole, kama anayebisha mlangoni. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema nimpe. Akaitumbukiza mwenyewe, akaiinua mwenyewe, akautazama mshale ukishuka wote mpaka chini. Maji yalikuwa yakichemka na mvuke unampiga usoni, wala hakuurudisha uso nyuma.

Halafu akasema neno moja. Aliapa. Nikajua anaisema ile wallahi yako.

Akainuka, akatawadha, akaenda kuswali. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, akaketi kwenye kiti cha dereva, juu ya majani ya kuku, akashika usukani. Nilimpelekea chai ikapoa mkononi mwake. Jana baada ya alfajiri aliniita. Alisema Jumapili ijayo tutakwenda Meru. Nilimuuliza kwa nini asikupigie. Alisema neno alilolitamka mbele ya watu halifutiki kwa simu, na kwamba yeye ndiye atakayesimama mbele yako, aseme kwa kinywa chake kwamba ulisema kweli naye akakuita mwongo. Alisema tangu uondoke hajakuambia neno, na hajui kama utamfungulia.

Hajakuambia neno. Ninaposema hivyo najua umesimama kusoma. Umeshika simu yako na unaangalia ule ujumbe wa baba wa kila Jumamosi.

Dawud, ule ujumbe ni wangu.

Ulipofika Meru ulimwandikia kwamba umefika salama na kwamba akusamehe. Mimi nilikuwepo. Aliusoma, akaigeuza simu kifudifudi juu ya kabati, akaenda msikitini kwa swala ya magharibi. Niliogopa kwamba usipojibiwa hutaandika tena kamwe. Nikaichukua simu nikaandika: Nimepata. Usinipigie kwa sasa, andika tu. Fanya kazi, Mungu yupo. Kisha nikafuta. Jumamosi iliyofuata aliiacha simu pale pale ikichajiwa, ukawa umeandika, nikajibu. Ndivyo ilivyokwenda. Uliponieleza kikohozi nilikuambia ufunge kitambaa puani. Uliponiuliza kama nimekasirika bado, nilisema sina neno. Ulipotaka kuja kwa Idd nilisema usiharibu nauli, sote tuko sawa. Niliogopa ukija utamkuta baba ambaye hajawahi kukuandikia, akugeuzie uso mlangoni. Kwa hivyo wewe ulikuwa unapata baba aliyetulia, na baba alikuwa anapata mtoto asiyeandika wala kupiga. Wakati mwingine jioni humwona ameshika simu, anaitazama, anairudisha. Alikuwa akingoja ujumbe ambao mimi nimeufuta.

Gathoni aliposema mshale ulifundishwa kukaa kitako ili watu wasisumbuke, hicho ndicho kilichonichoma. Kama ningeuacha upande, huenda mngepigana mara moja yakaisha.

Jambo jingine, nalo ndilo lililonizidi nguvu. Mwezi uliopita ulimwandikia baba habari za Salwa. Ulisema ni binti wa watu wema wa huko Meru, kwamba wazee wake wako tayari kupokea wageni, na kwamba bila baba yako huwezi kuketi mbele yao. Ulimwomba aje akuposee. Niliishika simu mpaka nikasikia viatu vya baba nje, nikaufuta. Naweza kuandika fanya kazi na funga kitambaa puani. Siwezi kumposea mtu mke. Sikujibu, na Jumamosi zilizofuata sikujibu tena. Najua umefikiri baba amekuwa baridi. Sivyo. Hajui lolote. Jina la Salwa hajalisikia.

Hili pia baba halijui mpaka sasa: kwamba nimekuwa nikiongea kwa jina lake. Nitamwambia mimi mwenyewe, na nakuomba hilo uniachie. Nitamwambia Jumapili njiani, kabla hatujafika Nanyuki, ili akitaka kukasirika apate mahali pa kusimamisha gari na kukasirika, na bado tuwe na safari mbele yetu. Wewe una haki ya kunikasirikia pia. Ninachokuomba ni kimoja. Atakaposimama mbele yako usimshukuru kwa ujumbe, wala usimwambie alishakusamehe zamani. Maneno atakayosema yatakuwa ya kwanza. Yatatoka polepole, unajua alivyo. Usimsaidie, usimkatishe, usimwonee huruma ukamwambia yameisha kabla hajayamaliza. Akimaliza, ndipo umwambie habari za Salwa kama mtu asiyejua chochote. Nadhani atafurahi. Sijamwona akifurahi muda mrefu, kwa hivyo sina hakika itaonekanaje.

Barua hii naipeleka leo kwenye ofisi ya vifurushi mjini, ikufikie kwenye duka la saruji unakofanya kazi kesho au keshokutwa. Gathoni amenipa ruhusa ya asubuhi. Nilimwambia naandika barua, akasema benki imefunguliwa. Amesema pia tukichukue kile kimashine chake cha nambari kwa safari. Baba haamini tena mshale wa gari jeupe tangu nimweleze ule wa Kagure, na kile kilima cha kutoka Nanyuki kwenda Timau ni kirefu. Amesema nitaketi mbele nimsomee. Alisema nisimpe katikati, nimpe nambari ile iliyopo.

Msalimie Salwa ikiwa si vibaya kusalimiwa na mtu asiyemjua. Kuku wanakusalimu, hasa yule mwekundu asiye na mkia, amezeeka sasa. Gathoni anasema akipata nafasi ataiangalia pikapu, injini nyingine inaweza kupatikana, lakini alisema hivyo kwa kicheko kwa hivyo sijui.

Jambo la mwisho. Kila Jumamosi ulikuwa unamalizia kwa kuandika, baba, nisalimie Saumu. Nilikuwa nazisoma salamu hizo kisha nazifuta, na kwa kuwa nilikuwa ndiye baba, hapakuwa na wa kunifikishia. Ukipata barua hii, na kama hujaniacha, niandikie mstari mmoja kwenye karatasi, umpe dereva wa gari la Nyeri aulete ofisini. Uandike jina langu juu yake.

Ni mimi mdogo wako,
Saumu Harun